Mgongo wa Kisu

Mama Hilkka hakuniuliza mshahara.
Hakuuliza ukoo, wala kanisa, wala kama nakoroma.
Alizima injini ya boti penye kisiwa kisicho na jina,
akanitupia mche wa magnesiamu, mfupi kama kidole gumba,
na kisu, na birika tupu.
"Nataka kahawa," alisema.
Akakaa juu ya jiwe, akanipa kisogo.

Ilikuwa Oktoba, Kainuu, mashariki ya Ufini.
Mvua ya siku tatu ilikatika alfajiri ile
na kila kitu bado kilichuruzika:
kuvumwani, mizizi, kofia yangu, nia yangu.
Mimi ni fundi wa miwani kutoka Tampere.
Moto wangu mimi huwashwa kwa kubonyeza.

Nikakwangua.
Mche ule ni laini kuliko unavyodhani,
unatoa vibanzi vya fedha, vyepesi kama magamba ya dagaa.
Nilikusanya rundo la kufunika sarafu moja.
Ziwa likapiga chafya.
Sarafu yangu ikatawanyika kwenye majani,
ikaenda kulipa deni la mtu mwingine.

Nikakwangua tena, safari hii ndani ya ganda la mbetula,
goti langu likiwa ukuta.
Upande wa pili wa mche umelazwa ufito mweusi wa cheche.
Nikausugua kwa makali, nikisukuma kisu mbele
kama mtoto anayechonga penseli.
Cheche zikaenda kwao. Ngumi yangu ikalivaa rundo,
na fedha yote ikaingia kwenye mkono wa koti.

Dalili ya moto ni moshi.
Moshi pekee pale ulikuwa pumzi yangu.

"Aliyekutangulia alilia," Hilkka aliliambia ziwa.

Sikujua kama kulikuwa na aliyenitangulia.
Sanelma hakuwahi kumtaja.
Nilikwangua nikimfikiria mtu huyo,
vidole vyake, kama vyangu, vimekufa ganzi hadi kwenye pete,
na kwa kitambo fulani nilimpenda kama ndugu.

Ikapita saa nzima, labda zaidi.
Kisha yule mama, bila kugeuka:
"Makali ni ya mkate. Moto unataka mgongo."

Nikageuza kisu.
Nikakwaruza ganda la mbetula kwa mgongo wake
mpaka likatoa vumbi jekundu, nyuzi, manyoya ya kifaranga.
Nikapasua tawi kavu la msonobari, nikauchimba moyo wake,
maana mvua hulowesha ngozi tu, haifiki moyoni.
Nikainama kama mtaka cha mvunguni, kidevu kwenye tope.
Kisu nikakituliza juu ya rundo, kimya,
na mche ndio nikauvuta nyuma, kwa nguvu,
kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe.

Cheche hazikuruka. Zilimwagika.

Weupe ule! Weupe wa mchomelea vyuma.
Mimi ninayewaonya watu kila siku kuhusu macho yao
nilikodoa, nikautazama ana kwa ana.
Magnesiamu haina subira, inawaka na kwisha
kabla hujasema ahsante,
lakini ganda lilikuwa limeshadaka,
likajikunja, likatoa moshi mzito unaonuka lami,
na vijiti vikaanza kusemezana.

Nikateka maji ziwani. Birika likakaa juu ya mawe matatu.

Hilkka alikuja na sigara mdomoni.
Akajipapasa mfukoni, akatoa kiberiti cha gesi,
chekundu, kipya, gesi imejaa pomoni.
Niliona. Aliona kwamba nimeona.
Akakitazama kidogo, akakirudisha mfukoni,
akapiga magoti, mifupa ikalalamika,
akachomoa kijiti kutoka kwenye moto wangu,
akawashia.

"Birika linafurika," alisema.

Nililiepua. Sikusema kitu.
Kila nilipopepesa macho, doa la kijani
lilikuwa limetua juu ya kofia yake.