Hali ya Njia, Julai

Simu inalia kabla kahawa haijachemka.
"Njia ikoje?" wanauliza watu wa Ljubljana,
kana kwamba njia ni mgonjwa aliyelazwa
na mimi ndiye muuguzi wa zamu.

Nawaambia: mpaka malishoni, salama.
Matope ya ng'ombe hadi kifundo cha mguu.
Daraja la magogo limepoteza ubavu mmoja;
piteni mmoja mmoja, mkiegemea kushoto.
Baada ya misonobari mifupi
kuna changarawe inayotembea:
ukipiga hatua mbili, moja inadaiwa.

Na korongoni, naam, theluji bado ipo.
Najua ni Julai.
Theluji haisomi kalenda.
Alfajiri ni kigae, adhuhuri ni uji,
na chini yake maji yamechimba ukumbi
usiouona mpaka uwe mgeni wake.
Shikeni ukingo, penye mwamba.

Kamba ya chuma imeng'oka misumari mitatu.
Ishikeni kama ahadi ya mlevi,
kwa vidole viwili.
Radi saa nane. Nimesema saa nane.

Kisha, watu wote wakishatosheka, hupiga Vencelj.
Miaka themanini na mbili kasoro mwezi,
goti moja la chuma.
Haulizi theluji.
"Jerca, lile duara la Malka
chini ya kipito, bado lasomeka?"

Duara jekundu, tone jeupe katikati.
Mkewe alilipaka akiwa na mimba ya miezi saba,
huku akiitukana brashi.
Kila kiangazi nimemjibu:
limefifia, lakini lasomeka.

Leo nilipanda na kurunzi kwenda kuangalia.
Ukuta uliporomoka barafu ilipoachia,
na jiwe lile limekwenda zake
na hatua ishirini za njia.
Liko bondeni, kifudifudi,
kama mtoto aliyenuna.

Nikarudi, nikaketi na simu mkononi.
Neno "limefifia" lilikuwa tayari ulimini,
limezoea kukaa pale.
Lakini watu wananipigia kuuliza hali ya njia.

"Vencelj, jiwe halipo. Tunapita juu yake sasa."

Kimya. Nilisikia saa yake ya ukutani,
nikasikia kijiko kikiwekwa mezani.

"Juu, kushoto kwa ufa au kulia?"
"Kulia."
"Mwamba mkavu?"
"Mpaka saa tano hivi."
"Na goti langu?"
"Goti lako si njia, sina habari zake."

Akacheka, akakohoa, akacheka tena.
"Kopo la rangi liko kwako, au nibebe langu?"

Nimelitoa stoo, nyuma ya magunia ya viazi.
Limefanya utando juu, kama maziwa yaliyosahauliwa.
Nikautoboa kwa bisibisi.
Chini bado ni nyekundu, bado ni mbichi,
na imenidondokea kiatuni.