Ndoo ya Bati

Ukipanda jiwe la Igong'ho asubuhi
unaliona ziwa, jembamba kama makali ya panga.
Watoto huulizana: yale maji yote ni ya nani?
Macho yanakunywa. Koo linabaki lilivyo.

Mimi ndiye mtunza ufunguo wa pampu.
Miaka sita kwenye pindo la kanga,
ufunguo wa pampu isiyotoa hata mate.
Mpini wake ulishauzwa Usagara, chuma chakavu,
lakini mimi nilichaguliwa kwa kura kumi na tisa
na hakuna aliyekuja kuniambia nimeacha.

Mwaka huu mtama ulikauka ukiwa umefika gotini.
Ng'ombe wa Lushinge walilamba umande kwenye bati.
Ndipo Kwilasa, fundi baiskeli, akauliza mkutanoni:
"Kabla ya pampu si tulikuwa na kisima?"
Tukatazamana.
Kilikuwa pale tunapomwaga majivu.

Tukafukua. Mmoja chini, kumi kwenye kamba.
Majivu, maganda ya karanga, majivu tena.
Kandambili ya mtoto, ya kushoto.
Redio isiyo na matumbo.
Siku ya nne, futi ishirini na mbili,
sauti ya Kwilasa ikapanda kama ya mtu aliye mtungini:
"Vuteni polepole. Hili si tope."

Ikaja ndoo ya bati, imeliwa na kutu,
mkononi mwake bado kipande cha kitambaa chekundu
alichokifunga Mbuke ili isichanganywe na za watu.

Ndoo hiyo ilimfanya Nyanzobe mwizi
miaka kumi na mmoja.
Kwa ajili yake mbuzi wao walipita njia mbili,
na msibani walikaa wamepeana migongo.
Siku hiyo walikuwa kamba moja,
Mbuke mbele, Nyanzobe nyuma yake,
kwa kuwa nafasi nyingine haikuwepo.

Mbuke aliitazama ndoo.
Tope lilidondoka. Tulilisikia.
Nyanzobe akasema, "Imetoboka."
"Kitako tu," akajibu Mbuke.
Akakohoa. Akashika kamba tena,
safari hii nyuma.

Siku ya saba mchanga ukawa wa baridi.
Kwilasa akainua kiganja kuelekea mwanga:
kimelowa.

Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.
Tuliyaacha yalale yatulie, sisi hatukulala.

Sasa ni ndoo kumi na nne kwa siku, kaya themanini na moja.
Zidisha, gawanya, hesabu inagoma.
Tunakwenda kwa zamu,
na Lushinge bado analeta ng'ombe usiku;
anakana, kwato hazikani.
Pampu tumeiandikia barua ya tatu.

Ufunguo ninao. Kisima hakina kufuli,
ila mkono wangu umezoea kuupapasa.

Na kwenye daftari la kamati, ukurasa wa mali iliyopatikana,
nimeandika kwa kalamu nyekundu:
ndoo ya bati, moja, imetoboka.
Mwenyewe kaonekana.
Nyanzobe kasaini shahidi.