Kanda ya Mnong'onezi

Miaka kumi na mmoja naifuata sauti ya Velga,
ofisi kwa ofisi, dari kwa dari.
Redio ya Riga waliifuta, wakarekodi juu yake bei za viazi.
Bwana mmoja wa Ventspils aliniuzia boksi zima;
ndani, harusi ya binamu yake.

Waliouona mchezo ule, baridi ya sabini na nane,
bado huusimulia wamefumba macho.
Siku tisa tu, kisha wakubwa wakaufunga.

Leo Liepaja, ghorofa ya nne, lifti mbovu.
Skaidrite anamimina chai, anafungua kabati la mashuka.
"Niliitega miguuni pangu," anasema, "kule shimoni."
Yeye ndiye alikuwa mnong'onezi.

Mashine inakoroma, utepe unashika.
Velga yuko mbali, kama mtu aitaye ng'ambo ya mto,
nusu ya maneno yake imeliwa na kikohozi cha safu ya pili.
Lakini kila mstari, kabla haujamfikia,
unapita hapa, kando ya sikio langu,
kwa pumzi ya msichana wa miaka ishirini na mitatu
ambaye karatasi ya mchezo haikumtaja.

Na pale Velga aliposahau
(kimya kile walichokiita kipaji,
kimya kilichowaliza watu)
namsikia Skaidrite:
mlango. Mlango. Mlango, Velga.

Nainua macho.
Anakoroga chai isiyo na sukari.
Midomo yake inaitangulia kanda.