Mke Mwenza wa Chuma

Oddvar alimleta nyumbani mwezi wa tatu,
juu ya trela, theluji bado imemkaa mabegani:
tani tisa za kutu, na kiota cha ndege
ndani ya bomba la moshi.
"Babu alimwacha kichakani mwaka wa ukame," akasema.
Nikamjibu, afadhali ungeniletea ng'ombe.

Miaka kumi na mmoja nimeishi na mke mwenza.
Mikono ya mume wangu ilinuka grisi hata kanisani.
Meza ya jikoni ilijaa nati, vali, pete za pistoni
zikilowa mafuta ndani ya bakuli langu la keki.
Mirija arobaini na sita aliing'oa mmoja mmoja,
akaingiza mipya, akaitanua midomo kwa nyundo na subira,
akajaza boila maji baridi, akasukuma pampu,
tukanyamaza, tukitafuta tone.
Tone likatoka.
Akaanza upya.

Mwaka huu, ngano ikiwa bado kijani,
moyo wake ndio uliovuja.
Hauna kiraka.

Basi leo saa tisa za usiku nimeamka mimi.
Wasyl Hnatiuk, jirani, amekuja kunifundisha,
nikamwambia, keti, kunywa kahawa yako.
Mke mwenza humjua kuliko dada uliyezaliwa naye.
Najua kioo chake cha maji hudanganya
mpaka ufungue koki ya chini.
Najua hutaka majani makavu kwanza, kisha vijiti, kisha makaa,
na kwamba ukimharakisha atakununia siku nzima.

Husemwa hapafuki moshi pasipo moto.
Wamesahau aliyekesha akiuchochea.

Saa tatu asubuhi sindano ya geji ikatetemeka, ikapanda.
Gurudumu likajizungusha nusu, likasita,
likakumbuka.
Mkanda ukakaza hadi kwenye mashine ya kupura,
makapi yakatuvamia nywele, macho, chai,
na watu wa Saskatchewan, ambao hawapigi vigelegele,
wakavua kofia.

Mjukuu wangu Signe akauliza, "Bibi, huyu anaitwa nani?"
Oddvar hakuwahi kumtaja kwa jina mbele yangu.
Alikuwa na adabu, yule mwanamume.

Nikavuta kamba ya honi.
Akalia kwa niaba yetu wote wawili,
mbali, kupita reli, kupita makaburi.

Kisha nikaachia kamba.
Maji yalikuwa yamepungua.