Hodi ya Saa Tisa Usiku

Umeme ulirudi saa saba na robo,
taa za mtaa zikawaka kwa mkupuo,
na simu yangu, ambayo hulala macho wazi,
ikatetemeka juu ya stuli:
Manka wa hesabu, bado yuko ofisini.
"Folda ya mizani ni tupu.
Asubuhi ni malipo, kaka. Tupu kabisa."

Nikavuka reli kwa miguu, koti juu ya nguo za kulalia,
harufu ya kahawa mbichi ikanipokea kabla ya geti.
Mlinzi Kirimia akaniangazia tochi usoni.
"Wamekufa?" Kwake yeye seva ni watu.
"Bado hatujajua."

Mashine ni mbili: ya huku inayofanya kazi,
na ya ghala la zamani, ng'ambo ya ua, inayotunza.
Ya huku haibebi kitu mgongoni.
Hungoja uitaje folda kwa jina,
ndipo ikimbie ng'ambo, ibishe hodi, irudi nayo;
ukikaa kimya dakika tano inairudisha taratibu,
kama jirani aliyeazima kinu.

Kwa hiyo utupu si ushahidi.
Nimewahi kumwona kijana wa chuo akitokwa machozi
mbele ya folda iliyokuwa ikisubiri tu kuitwa.

Nikaiita.
Nikaiita tena kwa njia yake yote, herufi kwa herufi.
*Hakuna faili wala saraka ya jina hilo.*

Nikaipigia ya ng'ambo: inajibu, haina hata mafua.
Mlango wake wazi. Kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, tumo.
Basi nani anasema hakuna?

Kumbukumbu za mfumo husema kweli, ila kwa kunong'ona.
Sekunde ya kumi na moja, mashine ya huku iliamka.
Ya kumi na tisa, ikabisha hodi.
Swichi ya ukutani, kongwe, feni yake ina kikohozi,
ilifungua njia sekunde ya hamsini.
Hodi ilipigwa barabara haijakuwepo.
Na mashine ikaandika *hakuna*, ikakunja mikono,
kila aliyeuliza ikamsomea jibu lile lile.

Saa sita nzima ilishike jibu la hapana:
hivyo ndivyo alivyoiagiza Anaeli, aliyenitangulia,
kabla hajahamia Dodoma. Pembeni aliacha maneno:
*mtandao unasumbua, isiulize-ulize.*
Nilimwelewa. Nami nina siku za kutouliza.

Nikapunguza saa sita ziwe sekunde kumi,
nikaiambia ingoje njia ndipo ibishe,
nikaizima huduma, nikaiwasha.
Ikaja. Vituo vyote, kuanzia Uru mpaka Kibosho,
vikamwagika kwenye kioo. Manka akapiga kofi moja.

Kofi la pili halikufika.
Kwenye safu ya wamiliki:
si-yeyote, si-yeyote, si-yeyote.
Karani aliyepima kilo arobaini na moja za Ndekirwa: si-yeyote.
Aliyepokea magunia ya mama Aikaruwa, mvua ikinyesha: si-yeyote.
Na mfumo wa malipo hauamini mzani
ulioshikwa na si-yeyote.

Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati la seva, joto likipanda.
Mashine mbili, ukoo mmoja, ndivyo zinavyopaswa kujitaja.
Ya ng'ambo bado inajiita kwa jina la ofisi tuliyoihama mwaka juzi.
Jina la mtu linatoka kule likiwa na baba yake,
likivuka ua, huku hakuna anayemjua huyo baba.

Neno moja, baada ya alama ya sawasawa.
Nililiandika polepole, nikalisoma kwa sauti.

Saa tisa nikaita tena.
*Mkarani wa Uru, Eliangiringa. Wa Kibosho, Ndeshi.*
Manka alikuwa anayasoma majina hayo kana kwamba
wenyewe wameingia mlangoni wakikung'uta matope.

Chini ya mstari wa Anaeli nikaongeza wangu:
*iulize, hata kama jana ilikataa.*
Getini Kirimia akazima tochi.
"Wamepona?"
"Wameitika," nikasema, na nikagundua
kwamba nimekuja na kandambili za mke wangu.