Mlango wa Semkiwa

Tulicheza ghalani, nyuma ya reli,
zilipolala zamani robota za katani.
Vumbi lake bado linakwaruza koo
la mwimbaji ambaye hakuzikuta.

Mimi ni mtu wa taa. Kuimba sijui.
Kazi yangu kukaa juu ya ngazi na swichi sita,
niamue nani aonekane.

Mwanzoni Kihiyo alitaka pazia la kuchora:
shamba zima, mistari ya mkonge mpaka Muheza,
kijani ambacho mkonge wenyewe ungekionea haya.
Siku kumi na moja fundi rangi hakushuka.
Usiku wa majaribio wakaja watu wa Barabara ya Kumi na Tatu,
wakalisifu pazia. Wakahesabu hata visiki.
Mwantumu akaiimba barua ya mumewe, yote,
akamaliza, akatoka,
na mtu mmoja akauliza ataanza saa ngapi.

Pazia likashushwa.
Mpaka leo linafunika mbao za Semkiwa zisinyeshewe.

Ukabaki mlango.
Hauna ukuta, hauna nyumba,
miimo miwili na kizingiti, katikati ya sakafu tupu.
Semkiwa aliupima kwa shubiri
(tepu yake iliazimwa Chumbageni, haikurudi),
ukatoka mfupi.
Mwantumu ni mrefu. Ikabidi ainame.
Kihiyo akafoka, fundi akatafuta ubao wa kuungia,
nami huko juu nikapiga kelele: Ngojeni!
Maana kabla hajafumbua mdomo
alikuwa amekwisha kutuambia nyumba ni ya nani,
nani aliijenga,
na kwa watu wa kimo gani.
Nyumba za kambi zilijengwa hivyo,
kwa watu waliotarajiwa kuinama.

Kisha barua ile ikatutesa.
Akiiimba wima, uso kwa watu,
ilikuwa mtu anadai chenji yake dukani.
Akiwa juu ya robota, ilikuwa majivuno.
Ijumaa alichoka, akaketi, akatupa mgongo,
akaanza kusokota kamba.
Maneno yaleyale. Mahadhi yaleyale.
Mpiga akodiani akasahau kuingia.

Nami nilikuwa na makosa yangu.
Niliifunika taa karatasi ya buluu, nikijiona bingwa.
Mwantumu akanitazama kutoka chini:
“Usinililie kabla sijalia.”
Nikaing'oa. Nikaishusha taa kando, chini kabisa,
kivuli cha mlango kikalala sakafuni
kikafika miguuni pa safu ya mbele,
na watu, bila kuambiwa,
wakakunja miguu wasikanyage kizingiti.

Wapo wanaosema mapambo ni nguo,
wimbo ndio mwili.
Sibishani nao, mimi mtu wa swichi.
Ila nimeiona nguo ikimfundisha mtu kutembea:
kanga ya Mwantumu tuliikaza magotini
na wimbo mzima ukapunguza hatua.

Hata mabati yalikuwa na lake.
Usiku wa nne mvua ilishuka katikati ya ubeti,
sauti ikazama, tukabaki na mdomo unaofunguka,
kamba, mlango.
Hakuna aliyeondoka.
Kihiyo husema huo ndio usiku alioelewa mchezo wake mwenyewe.
Mimi nilikuwa nahofia waya.

Tuliuuza mlango kulipia mafuta ya jenereta.
Juzi nimeuona Makorora, uani kwa watu,
umekuwa mlango wa jiko, umepakwa buluu.
Binti akatoka na sufuria ya uji,
mfupi, saizi yake hasa,
akapita wima, wala hakuutazama.
Aliyeinamisha kichwa ni mimi,
nje, nimeshika baiskeli.