Upana wa Vidole Vitatu

Niliinunua kwa bei ya buti,
tena buti za kazini, si za Jumapili,
kwenye kiduka kilichobanana na stesheni ya Katowice.
Muuzaji aliniuliza mara tatu:
"Una hakika, bibie? Hii ndogo?"
Nina hakika. Nina vidole vifupi
na mfuko mmoja tu wenye zipu nzima.

Mpwa wangu Kacper aliicheka hadi akapaliwa na supu.
Yake ni pana kama ubao wa kukatia kabichi,
huishika kwa mikono miwili kama abebaye sinia msibani,
na ikianguka, nyumba nzima hunyamaza.
Yangu iliporomoka ngazi za ghorofa ya sita,
ikagonga ya kwanza, ya tatu, ya nane,
nikaiokota juu ya mkeka wa mlango wa watu
ikiwa bado inasema ni saa nne na robo.

Sitasema inazishinda zote.
Picha zake za usiku ni uji.
Ukiidai ramani, kwanza huwaza,
kama karani aliyeulizwa swali kabla ya chai.
Lakini kidole gumba changu hufika pembe zote nne
bila kuuita mkono wa pili,
na mkono wa pili, siku nyingi, umo ndani ya grisi.
Ina tundu la visikilizio, la mviringo, la kizamani.
Chaji ya Jumapili usiku
hunikuta nayo Jumanne mchana, nikila mkate.

Mimi natengeneza lifti.
Ndani ya shimo la lifti hakuna pa kuweka kitu,
hata mawazo huyaacha juu.
Basi huibana kwa meno, tochi ikiwaka,
ladha ya plastiki na makombo ya mfukoni.
Kacper naye aibane ya kwake kwa meno,
tutamchangia daktari wa taya.

Februari, jengo la kijivu nyuma ya soko.
Mzee Walenty amekwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano,
yeye, mfuko wa viazi, na giza.
Simu yake ameisahau juu ya friji.
Mlango ulikubali kuachia upana wa vidole vitatu,
ukasema basi.
Nilisikia pumzi yake, fupi fupi, msumeno butu.
Nami sina budi kupanda chumba cha mashine,
nikate umeme, nizungushe gurudumu kwa mkono,
na yeye abaki peke yake.

Nikafungua zipu. Nikaipitisha kiubavu.
Wembamba wa reli, treni hupita;
siku hiyo treni ndiyo iliyokwama,
ikawa zamu ya reli kupita.

"Mpigie umtakaye. Usijali salio."

Akampigia Jadwiga wake, ghorofa ya tisa.
Huko juu nazungusha, kidogo, kidogo tena,
jasho linaingia machoni,
na kupitia shimo, kando ya nyaya, wananijia:
wanagombana.
Vya kuchemsha. Hapana, vya kukaanga.
Ulisema vya kuchemsha. Sijasema hivyo tangu tuoane.
Na kila neno, pumzi yake inarefuka,
hata nikatamani wasipatane upesi.

Alipotoka aliipangusa kwa shali,
akanirudishia kwa mikono yote miwili
kama chenji iliyozidi,
akaipima kwa jicho, akaupima mlango.
"Ya mjukuu wangu isingepita," alisema,
akabeba viazi vyake kwa ngazi.

Usiku nikakuta picha kumi na moja nisizopiga.
Kumi ni giza tupu.
Moja ni sikio lake, kwa karibu sana,
lenye mvi tatu na kivuli cha kofia.

Sijaifuta. Iko kona ya juu kushoto,
pale gumba linapofika lenyewe.